Ukili Uliolala Kushoto

Mkeka uliotandikwa msikitini kwetu ulianza na hasira zangu, na sioni haya kuliandika hilo. Watu husema kazi ya ibada huanza na nia njema. Yangu ilianza na kununa, nia njema ikaja baadaye ikanikuta nimeshashika sindano.

Nimeyakumbuka haya Shaabani iliyopita, nilipokwenda Maili Moja na mjukuu wangu kununua tende na tambi. Maduka yalikuwa yamepambwa kwa ajili ya Ramadhani: taa za umbo la mwezi mwandamo, vitambaa vya meza vyenye nakshi za dhahabu, mazulia ya kuswalia yaliyochorwa mihrabu, kila mtu na mihrabu yake. Mjukuu wangu alilipapasa moja akasema watu wa siku hizi wamekuwa wabunifu sana. Nilicheka mpaka mwenye duka akageuka kunitazama. Mihrabu za namna hiyo sisi tulizikalia uani tukizisuka kwa ukindu, mama yake huyo mjukuu akiwa bado hajajua kutambaa.

Nililelewa Kisarawe na bibi yangu mzaa mama. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na madirisha madogo ya kupitisha moshi tu, na mwanga wa kufanyia kazi uliingia kwa mlango wa mbele. Alasiri akirudi kutoka kwenye mihogo yake, bibi alikaa kizingitini ameegemea mwimo wa mlango upande mmoja, nami nikaegemea mwimo wa pili, uso kwa uso, miguu yetu ikipishana katikati. Hapo ndipo aliponifundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao ukishonwa mmoja ubavuni mwa mwingine hupatikana mkeka. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alisuka, nami nikatazama vidole vyake nikafuata. Alipovuta jani kwenda kuume kwake, mimi niliona limekwenda kushoto, nikalivuta la kwangu kushoto. Ukili wangu ulitoka umebana, kingo zimenyooka, hata maji yangesita kupita. Bibi aliupitisha kidole, akasema "Haya," na kwa bibi yangu hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Hakuniachia dhahabu wala minazi. Aliniachia shazia yake, ile sindano nene ya kushonea mikeka, na mikono niliyonayo.

Niliolewa upande wa Mlandizi, kwa watu wa jembe kama sisi. Haukupita muda tukaambiwa tutoke mabondeni tuhamie kijijini, nyumba zipangwe kwa mstari kando ya njia ya vumbi iendayo Magindu. Watu walikuja kutoka kila upande na vyungu vyao na kuku wao. Ulikuwa unapika kwenye ukuta mmoja na mtu ambaye hujui hata kwao ni wapi. Lakini hata kabla ghala la kijiji halijaezekwa, msikiti ulikuwa umeshasimama: kuta za fito na udongo, paa la makuti, sakafu ya vumbi. Ramadhani ya kwanza wanaume waliswali juu ya mikeka ya kuazimana, mingine ilikuwa ya kuanikia mpunga. Mume wangu alirudi kutoka tarawehe ana makapi kwenye paji la uso, akidhani ni nuru.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani ulipoanza, mama mkwe wangu alisema aibu ile haitarudi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na nilichelewa kujua kwamba watu wa sauti ndogo ndio wasiobishiwa. Katika kusuka alikuwa fundi, hilo sikulikataa hata siku niliyomchukia. Aliwaita wanawake wote barazani kwake akawaeleza: msikiti utapata mkeka mmoja, mlangoni hadi mihrabu, ukuta hadi ukuta. Kila nyumba italeta ukili mmoja wenye urefu wa msikiti na upana wa kiganja, mweupe wenye mistari myekundu iliyolala upande. Kili zote zitashonwa pamoja, na hivyo kila nyumba itakuwa na mahali pake mbele ya Mungu, hata ya mjane asiye na mwanamume wa kumpeleka msikitini.

Neno hilo la mwisho lilinishika. Bibi yangu naye alikuwa mjane, na hakuacha mtoto wa kiume wa kumwombea. Nikajiambia ukili wangu utakuwa wa nyumba ya mume wangu kwa hesabu ya watu, na kwa hesabu ya Mungu utakuwa wa bibi. Kila paji la uso litakaloushukia mwezi mzima, thawabu zake zimfikie Kisarawe alipolala. Sikumwambia mtu. Nilikata ukindu bondeni karibu na Ruvu, nikauchana, nikauanika, nikapanga foleni duka la kijiji kwa ajili ya kijikaratasi cha rangi nyekundu, nikauchemsha. Kisha nikasuka kama sijawahi kusuka.

Siku ya kupeleka kazi, kili zilinyooshwa barazani ubavu kwa ubavu. Mistari yote myekundu ililala kuume. Nilipoweka wa kwangu katikati yao, ulilala kushoto. Kwanza nilidhani nimeuweka vibaya, nikaugeuza kichwa kuwa mkia. Ukalala kushoto vilevile. Mwanamke mmoja, jirani yangu wa nyumba ya tatu, akaupindua chali, na hapo mistari ikalala kuume kweli, ila sasa ulikuwa umeonyesha mgongo, na vichwa vya ukindu vimechomoza kama ndevu za siku tatu. Kicheko kikazunguka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuuweka ukili wangu kando ya wa mtu mwingine, kwa kuwa bibi alishona mikeka yake na mimi nikashona vikapu vyangu, na sikuwahi kuona tofauti.

Mama mkwe aliuinua, akaupima kwa vidole, akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia bibi yangu. Akauliza kama bibi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko adabu yangu kwamba bibi yangu alikula kwa kulia, akavuta tasbihi kwa kulia, na akazikwa kwa ubavu wa kulia.

"Kazi yako haina kosa, mwanangu," alisema. "Lakini haitakaa na wenzake. Huu utautumia nyumbani."

Aliniambia niufumue, majani yakiwa bado mazuri, nisuke upya. Akanipa kipande cha ukili alichosuka mwenyewe kiwe mfano, na kuanzia siku ile nikawa nakaa ubavuni mwake kila alasiri, mke wa mtu mwenye mtoto mgongoni, nikijifunza kuanza ukili kama binti wa miaka saba. Mikono yangu ilikuwa na adabu nikiitazama. Nikigeuka kumwitikia mpita njia tu, ilirudi Kisarawe. Mama mkwe alifumua, nikaanza tena, ikarudi tena. Jirani wa nyumba ya tatu alipita akauliza kama mtoto anaendelea vizuri na masomo, na hakuwa anamuulizia mtoto wangu.

Ukili wa kwanza sikuufumua. Niliuviringisha nikauweka chini ya kitanda. Kuufumua kungekuwa kumfumua bibi, jani kwa jani, na kumwambia kwamba kwa msikiti huu mkono wake haufai. Mume wangu, aliposikia nalia, alisema ukili ni ukili, ya nini mtu kujitesa. Nikamwambia basi yeye aswalie gunia, maana gunia nalo ni gunia. Aliondoka kwenda kutafuta kazi shambani siku ambayo haikuwa na kazi.

Shaabani ilikuwa imekatika nusu. Wanawake walikubaliana kukutana kwa mama mkwe kuvunja jungu, kula na kufurahi kabla mfungo haujaingia. Nilisema kichwa kinaniuma. Nilibaki na mwanangu amelala, nikautoa ukili wangu chini ya kitanda, nikautazama, na hasira ikanipanda kutoka miguuni. Kama ni wa nyumbani, nikasema, basi na uwe wa nyumbani leo hii. Nikakata kipande, nikachukua na kile cha mama mkwe, kile cha mfano, kwa makusudi, ili kesho asiwe na cha kunionyeshea. Nikavishona pamoja kwa shazia ya bibi, ubavu kwa ubavu, wake kushoto na wangu kulia. Nikatokeza kimsala chembamba cha ajabu, kinachomtosha mtu paji la uso na magoti. Nikakitupa sakafuni.

Mistari yake ilitoka huku, yangu ikatoka kule, ikakutana kwenye mshono, ikafanya ncha. Ncha juu ya ncha, kama mapaa ya nyumba yaliyopangwa moja nyuma ya lingine. Na ncha zote zilitazama mlangoni. Nikacheka kwa uchungu. Hata mkeka wenyewe ulikuwa unanionyesha njia ya kutokea.

Mama mkwe alinikuta hivyo. Alikuwa ameniletea sahani ya wali na kuku, kwa kuwa mgonjwa hasahauliki siku ya jungu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakashuka sakafuni. Aliitambua kazi yake iliyokatwa. Nikasubiri maneno, na nilikuwa na yangu tayari. Aliweka sahani chini, akainama, akakishika kile kimsala kwa ncha mbili za vidole, akakigeuza polepole hadi ncha zote zikatazama kibla. Akarudi nyuma hatua. Akakitazama mpaka mtoto akaamka.

Na mimi nikaona alichokiona. Kila ncha ilikuwa mihrabu. Ndogo, nyekundu, moja inampisha nyingine, zinaelekea mbele.

"Uliobaki uko wapi?" aliuliza. Nikauvuta chini ya kitanda. Akauviringua mkononi, akaupitisha kidole kama bibi alivyokuwa akiupitisha, akasema, "Na mfano wangu umeuharibu vizuri."

Sijui kama mtu anaweza kueleza furaha ya namna ile bila kuonekana mwenye majivuno, nami sitajaribu. Nilijivuna. Nilikula ule wali wote.

Kesho yake alizitandaza tena kili zote barazani na kuuingiza wangu katikati. Hapo tukapata tatizo ambalo hatukuliona kwenye vipande viwili. Upande mmoja wa ukili wangu mistari ilipanda kuelekea kibla, upande wa pili, ilipokutana na ukili wa jirani, ncha zilirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mtu mmoja angeswali mbele na mwenzake kinyumenyume. Jirani wa nyumba ya tatu alisema tuachane na jambo hilo, mkeka usije ukagombanisha safu. Niliogopa kwamba mama mkwe atakubali, maana muda ulikuwa mfupi na rahisi ndiyo njia ya wengi. Yeye alichukua ukili mweupe, mtupu, usio na rangi hata kidogo, akauweka pale palipokuwa na ugomvi. Ncha za kurudi zikapotea. Zikabaki zile za kwenda tu, na njia nyeupe kati ya jozi moja na nyingine. Fundi ni fundi. Mimi nilishona, yeye aligeuza, na yeye ndiye aliyeziba.

Ila sasa kwa kila ukili uliolala kuume ulihitajika mmoja uliolala kushoto, na kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja wa kuusuka. Wenzangu walijaribu. Walikaa ubavuni mwangu, wanawake wa umri wa kunizaa, wakaanza kushoto, na mikono yao ikarudi makwao kama yangu ilivyorudi Kisarawe. Niliwaonea huruma kidogo tu. Hivyo tukagawana kazi. Wao walikata ukindu, wakachana, wakachemsha rangi, wakanipangia miguuni kwa urefu, mimi nikasuka. Maji yangu yalitekwa na wengine. Mtoto wangu alizunguka migongo ya kijiji kizima. Jirani wa nyumba ya tatu ndiye aliyeninyweshea uji, kwa kuwa sikuwa na mkono wa kushika kikombe, na siku moja aliniuliza, "Fundi, upana huu unatosha?" Nikamjibu unatosha. Nililirudia neno lile, fundi, moyoni kutwa nzima.

Ndipo nikafahamu kwamba kijiji kile, kilichopangwa kwa kamba na watu wa kupima, kilikuwa kimeanza kuwa cha kwetu. Mwaka uliopita tulifutari kila mtu na mlango wake. Sasa watu walikuwa wanajua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi haina chumvi, kwa sababu wanawake wao walikuwa wakishinda uani kwangu.

Siku ya mwisho ya Shaabani, vijana wakiwa bado wanabishana nani ana macho ya kuuona mwezi, mama mkwe alimaliza kutia taraza, ule utepe wa kushikilia kingo zisifumuke. Mkeka uliviringishwa, wanaume wakaubeba mabegani, wanawake tukaufuata nyuma. Waliutandaza kuanzia mihrabu kurudi mlangoni. Ulipofika kizingitini ulitosha, na sakafu ya vumbi ikawa haipo tena. Njia nyekundu zilipanda kutoka miguuni petu hadi mbele, mihrabu juu ya mihrabu, zote zikimsindikiza mtu kwa Mola wake.

Mwalimu wa madrasa aliyekuwa akituswalisha alikuwa mtu wa kutafuta dosari, na mlangoni alisimama. Aliuliza nani ameleta michoro katika nyumba ya Mungu, watu wakashangae mkeka badala ya kumcha Muumba. Mama mkwe alimjibu kwa ile sauti yake ndogo kwamba hapana mchoro wowote, ni ukindu umelala unavyolala. Mwalimu akavua makubazi, akaukanyaga, akatembea taratibu hadi mbele, akageuka kututazama, akageuka tena. Alirudi anatabasamu, jambo ambalo hatukulizoea.

"Basi hata anayesinzia kwenye tarawehe hatapotea kibla," alisema, na wanaume wakacheka, akiwemo mume wangu ambaye alijijua.

Kisha akauliza kazi ni ya nani, ili iombewe dua. Mama mkwe angeweza kutaja wanawake wa kijiji, na asingekuwa amekosea. Angeweza kujitaja mwenyewe. Alinyoosha mkono juu ya mkeka akasema, "Hizi zilizolala kuume ni zetu. Zilizolala kushoto ni za bibi yake huyu, wa Kisarawe. Muombeeni marehemu."

Sikuwahi kumwambia. Hata leo sijui alijuaje. Mwalimu aliinua mikono, msikiti mzima ukainua mikono, na watu ambao hawakumwona bibi yangu hata siku moja wakamwombea pepo, nami nimesimama mlangoni nikifuta macho kwa upindo wa khanga. Nilitamani angekuwa hai nimtie aibu kwa sifa zote zile, aseme "Haya," anyamaze.

Mkeka wa ukindu si wa milele. Magoti ya Ramadhani kadhaa yaliuchakaza, ukaanza kufumuka mbele kabisa, pale wanapowahi wacha Mungu. Ilijulikana kwamba itabidi tusuke mwingine, na baada ya huo mwingine. Watu walianza kunitazama vidole kwa wasiwasi, maana nilikuwa na mimba nyingine, na mkono mmoja hauwezi kushikilia msikiti mzima daima. Binti yangu alikuwa amefikia umri wa kujifunza. Nilidhani ni kazi yangu, nimkalishe ubavuni kama inavyofaa, nikawa naahirisha.

Alasiri moja nilirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, nikawakuta kizingitini kwa mama mkwe. Alikuwa ameegemea mwimo mmoja wa mlango. Binti yangu alikuwa amejisogeza kukaa karibu yake, kama mtoto anavyomsogelea bibi yake, na mama mkwe alikuwa anamsukuma taratibu kwa goti.

"Siyo hapa ubavuni," alimwambia. "Kaa kule, unitazame."

Mtoto akahamia mwimo wa pili, uso kwa uso kama mimi na bibi, miguu yao ikapishana. Mama mkwe akavuta jani la kwanza kwenda kuume kwake. Niliitua ndoo chini, nikawatazama wakisuka, kisha nikasogea hadi nikaona kilichokuwa mapajani mwa binti yangu. Ukili ulikuwa bado mfupi kama kidole, wenye kingo mbovu, na ulikuwa umelala kushoto.